Mpira wa Kioo na Mvua ya Masika

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya kitu ambacho kila mwenye gari anacho na aghalabu hajapata kukitazama mara mbili, nacho ni ule ukanda mweusi wa mpira uzungukao kioo cha mbele, pamoja na ndugu zake walioko milangoni, madirishani, chini ya vifuniko na baina ya bodi na madigadi. Na sababu ya kuuchagua ni kwamba katika miaka miwili niliyoitumia kulifufua gari la marehemu mjomba wangu, Volkswagen ile ya umbo la kobe, nimeona kwa macho yangu ya kuwa fundi aliyekwisha kuchomelea bati na kupaka rangi, akadhani kazi yake imetimia, hajaifikia bado ile sehemu itakayoamua kama kazi hiyo itaishi miaka ishirini au misimu miwili ya mvua.

Gari lenyewe halihitaji kujulishwa kwa watu wa pwani wala wa bara. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika njia za vumbi na matope, ushindi wake wa mwaka 1954 ulichukuliwa na Vic Preston na D. P. Marwaha ndani ya Volkswagen, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda kwa gari la aina iyo hiyo. Walakini sifa hiyo ilikuwa ya injini na ya magurudumu. Bati lake ni bati kama bati jingine. Mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu Tanga, alipostaafu aliliegesha chini ya mwembe uani kwake, mahali ambapo upepo wa kusi huleta chumvi ya bahari hata juu ya nguo zilizoanikwa, na majani makavu huziba kila tundu la kutokea maji. Nilipolirithi, rangi ya juu ilikuwa ingali na mng'aro, hata jamaa wakanipa hongera. Nikaubonyeza kwa kidole gumba ule mpira wa kioo cha mbele, ukameguka kama kashata.

Katika lugha yetu neno mpira limebebeshwa mzigo mkubwa. Ni mti, ni utomvu wa mti huo, ni kile wakipigacho watoto uwanjani, ni bomba la kumwagilia bustani, na ni huu ukanda wa kioo. Na mimi naona lugha imesema kweli kuviweka pamoja, kwa kuwa asili yake ni moja, na aliyesahau kwamba ukanda ule ulitoka mtini hataelewa kwa nini unazeeka. Utomvu uliokaushwa hivi hivi hulainika na kunata wakati wa joto, na hukakamaa wakati wa baridi. Dawa yake ilipatikana katika karne ya kumi na tisa, pale Charles Goodyear wa Marekani alipopewa hataza mwaka 1844 kwa yale maarifa ya kuupika mpira pamoja na kiberiti cha madini, yaani salfa, naye Thomas Hancock akapata yake Uingereza zama zizo hizo. Na sisi watu wa Tanga tuna ujirani na habari hii, kwani wakati wa Wajerumani mti wa mpira wa Ceara, ulioletwa kutoka Brazil na ulio wa jamaa moja na muhogo, ulipandwa kwa wingi katika nchi ya Muheza na kandokando ya Usambara, ukastawi kwa miaka michache, kisha mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa ajili ya mpira mwingi uliotoka mashamba ya Malaya na nchi za upande ule, na tamaa ya utajiri ikazimika.

Sasa, mpira wa asili, hata ukiisha kupikwa na salfa, una adui asiyeonekana. Hewa tuivutayo ina kiasi kidogo mno cha gesi iitwayo ozoni, na gesi hiyo huupasua mpira palepale ulipovutwa au ulipokunjwa; ndiyo maana nyufa za kwanza utaziona kwenye pembe za dirisha kabla hujaziona penye mstari ulionyooka. Jua nalo huongeza yake, na kwa kadiri miaka ipitavyo vile vilainisho vilivyotiwa kiwandani hutoka, mpira ukasinyaa, ukawa mfupi kuliko duara unalolizunguka, na pale ulipoachia mwanya maji yakapata mlango. Kuna mpira mwingine, wa kutengenezwa kwa kemia, unaojulikana kwa herufi EPDM na ulioenea tangu miaka ya 1960, ambao ozoni na jua havina nguvu nyingi juu yake, nami kwa nchi yenye jua kama yetu siuoni wa kuushinda. Kabla ya kulipa, ukunje kwa vidole, uushikilie kidogo, kisha uuachie: ule ulio mwema hurudi umbo lake mara moja pasipo kubaki na kovu, na ule hafifu hukaa na mkunjo kama karatasi. Mwenye gari la kobe ana bahati ambayo wenye magari mengine ya kale hawana, kwa sababu magari yaliyotengenezwa ya umbo hilo yalifika 21,529,464, na la mwisho lilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, basi mipira yake ingali ikifinyangwa na kuuzwa. Ilhali mwenye gari lililotoka kwa maelfu machache hulazimika kununua ukanda wa mita, akaukata na kuuunga pembe mwenyewe.

Lakini wingi huo una mtego wake, nami niliingia. Kadi ya gari la mjomba ilisema mwaka 1964, nami nikaagiza mpira wa kioo wa mwaka 1964, nikangoja wiki kadhaa, na ulipofika nikauvika kioo nikakuta umepungua kwa zaidi ya vidole vitatu. Nikamlaumu aliyeniuzia, kumbe sina haki. Magari yaliyotoka kuanzia Agosti 1964 yaliongezewa ukubwa wa vioo, na kiwanda kiliyahesabu kuwa ya modeli ya 1965, hivyo gari mbili zilizoandikishwa mwaka mmoja huenda zisikubali mpira mmoja. Kioo cha nyuma nacho kilikuwa na vipande viwili hata Machi 1953, kisha kikawa duara la yai, kisha kuanzia Agosti 1957 kikapanuliwa kikawa cha mraba wenye pembe za mviringo. Hakimu wa mambo haya ni namba ya chesisi, wala si kadi, na katika gari hili namba hiyo imegongwa katikati ya sakafu, juu ya lile handaki la bati lipitalo chini ya kiti cha nyuma. Nikakiinua kiti. Namba ilianza na 115, na ile tano ndiyo modeli ya 1965. Hapo swali langu likajibiwa, ila macho yangu hayakukaa kwenye namba, kwa sababu kando yake, pale betri inapowekwa, sakafu haikuwapo. Palikuwa na kutu nyekundu iliyoshikamana na zulia, na chini yake nikaiona ardhi ya ua wa mjomba. Maji yaliyopenya kwenye mpira wa dirisha yalikuwa yameteremka taratibu mwaka hata mwaka, yakakutana na tindikali ya betri, yakafanya kazi yao pasipo mtu kuyasikia.

Basi sakafu ikakatwa, bati jipya likachomelewa, na ndipo ikaja zamu ya mipira. Hapa nataka nitulie, kwa maana ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Mpira wa zamani usiuchokonoe kwa bisibisi. Ukate ulimi wake kwa wembe kuzunguka kioo, kioo kitoke kwa upole, kisha mabaki uyaweke katika mfuko wala usiyatupe hata ule mpya ukae mahali pake, kwani mara nyingi mabaki hayo ndiyo yatakayokuonyesha ukingo upi ulikuwa wa ndani na upi wa nje. Ukingo wa bati unaoshikwa na mpira sharti usuguliwe kwa msasa hata chuma kionekane cheupe, utiwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, na rangi hiyo iachwe ikauke kwelikweli, si kwa kugusa tu bali kwa wiki kadhaa, kwa sababu rangi mbichi iliyofunikwa na mpira hubaki laini na gundi huila. Nimeliona gari lililopakwa rangi mipira ikiwa mahali pake imefunikwa kwa karatasi, na baada ya mwaka mmoja rangi ile ikaanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu kuanzia ukingo wa mpira. Mwenye kufanya hivyo anampunja mwenye gari, hata kama hakukusudia.

Siku ya kuweka kioo tuliutandaza mpira mpya juu ya mkeka juani tangu saa nne hata saa sita, ukawa laini kama mshipi wa ngozi uliotiwa mafuta. Aliyenisaidia ni fundi mzee wa mtaani petu, aliyeanza kazi ya bodi akiwa kijana na ambaye mikono yake inajua zaidi ya yale anayoyasema. Mpira wa kioo una mifereji: mmoja hukishika kioo, wa pili hulishika bati, na katika magari yaliyopambwa upo mfereji wa tatu upokeao ule ukanda mwembamba wa madini ya kung'aa, ambao hauna budi kuvikwa kwanza, mpira ukiwa mezani, kwani kuuvika baada ya kioo kukaa ni kujitafutia taabu na pengine kukivunja kioo. Tukakivika kioo mpira wake. Kisha mzee akachukua ugwe laini wenye unene wa milimita 4 hivi, akaulaza ndani ya mfereji wa bati kuzunguka kioo chote, na ncha zake akazipishanisha katikati upande wa chini kwa kadiri ya shibiri moja, akaziacha zining'inie. Tukapaka maji ya sabuni kwenye mfereji na kwenye ukingo wa bati, tukakiinua kioo tukakiegemeza mahali pake kutoka nje, ncha za ugwe zikiwa ndani ya gari mikononi mwangu.

"Mwanangu," akaniambia kupitia dirisha la mlango, "vuta pole pole, na vuta kuelekea katikati ya kioo. Kioo hiki hapa Tanga hakina spea."

"Ndiyo, mzee wangu," nikamjibu, nikaanza kuvuta.

Wasikilizaji, sijui namna ya kuieleza furaha ya kitendo kile kwa mtu asiyekiona. Ugwe ukitoka katika mfereji huuinua ulimi wa mpira, ulimi ukapanda juu ya ukingo wa bati na kuulalia upande wa ndani, kidole kwa kidole, huku mzee akinifuata kwa nje na kukipiga kioo kwa kiganja kilichofunguliwa, palepale ugwe unapopita, asikipige kamwe kwa ngumi. Tulivuka upande wa chini, tukafika pembe ya kwanza, na pale mpira ukakataa. Ulimi ukajikunja ndani badala ya kutoka. Mzee hakulazimisha. Alinyamaza, akamwagia maji ya sabuni, akasema tukitoe chote tuanze upya, nasi tukakitoa. Mara ya pili pembe ileile ikakataa tena, na tukagundua kuwa kwenye ukingo wa bati palikuwa na tone la rangi lililogandamana, nene kama punje ya mtama. Likasuguliwa, na mara ya tatu ulimi ukateleza pembe zote nne, ugwe ukanibakia mkononi wote, na kioo kikakaa kimya, hakichezi, hakilii. Kazi ya dakika kumi kwa maneno ya vitabu ilituchukua adhuhuri nzima, na sioni hata dakika moja iliyopotea.

Milango ina adabu nyingine. Katika gari hili ukanda wa mpira hubandikwa kwenye ukingo wa mlango wenyewe kwa gundi ileile ya kopo waitumiayo mafundi viatu: hupakwa pande zote mbili, huachwa mpaka ikiguswa isinate kidoleni, ndipo zikutanishwe. Wa kushoto si wa kulia, na kabla ya gundi kufunguliwa mlango uwe umekwisha kusawazishwa kwenye bawaba zake, kwa sababu mpira hauwezi kuuponya mlango uliokaa upande. Kosa kubwa hapa ni kuuvuta ukanda ili ufike; ukivutwa utafika leo, na baada ya miezi utarudi ulikotoka na kuacha pembe wazi. Usukume uingie pembeni kwa kujaa, kana kwamba unautaka uwe mrefu kuliko nafasi yake. Gundi ikiisha kushika, paka unga wa chaki juu ya mpira, ufunge mlango taratibu, uufungue: palipo na alama nyeupe kwenye bati mpira umegusa, na pasipo na alama maji yatapita. Au chukua kipande cha karatasi, ukifungie mlangoni, ukivute. Kikija bila kushikwa, hapo pana mwanya. Mpira mpya huufanya mlango kuwa mgumu wa kufunga, nalo si kosa. Uache umefungwa kwa siku kadhaa, mpira utajizoesha, wala usikimbilie kukilegeza kitasa.

Na hapa pana jambo ambalo nimewaona hata mafundi hodari wakilikosea. Maji huingia ndani ya mlango siku zote, kupitia mwanya wa kioo kinachopanda na kushuka, na mlango uliumbwa ukijua hivyo, ndiyo maana una matundu chini ya tumbo lake ya kuyatoa. Mtu akija na silikoni akayaziba matundu hayo kwa nia njema ya kuzuia maji, ameufanya mlango kuwa mtungi, na kutu itaanza ndani ambako jicho halifiki. Kwa jumla silikoni ya bomba katika mifereji ya vioo naichukia: haikai na mpira kwa amani, hushika uchafu, na siku ya kukitoa kioo humlazimu fundi kukwangua kwa kisu juu ya rangi mpya. Anayeimimina pale ambapo mpira haukukaa sawa anaficha kosa badala ya kulitafuta.

Mipira mingine nitaipitia kwa haraka. Ule ukanda ulio baina ya bodi na madigadi sharti uwekwe boliti zikiwa zimelegezwa, kisha zikazwe kwa kupokezana. Ule wa kifuniko cha mbele huilinda tangi ya mafuta na gurudumu la akiba. Lakini ule uzungukao injini kule nyuma nausimamia kidogo, kwa sababu wengi huuacha wakidhani ni pambo: injini ya gari hili hupozwa kwa hewa, nayo hewa baridi huvutwa kutoka juu ya mabati yaliyoizunguka, na hewa iliyokwisha kupata moto hutupwa chini, mpira ule ndio uzitengao hewa mbili hizo, na ukikosekana injini huvuta tena joto lake yenyewe, ikaungua katika mwinuko wa kwanza mrefu. Tena, mpira wa asili usiupake grisi wala mafuta ya petroli ya aina yoyote, kwani huuvimbisha na kuulainisha mpaka ukafa. Wazee walitumia mafuta ya mbarika, na walifanya vyema, kwa kuwa mafuta hayo ya mmea hayaudhuru.

Tulipomaliza tulilijaribu gari kwa bomba la bustani. Mmoja alikaa ndani na kurunzi, mwingine akamwaga maji nje, akianzia chini na kupanda juu pole pole, maana ukianzia juu kila kitu hulowa usijue tone lilitokea wapi. Kioo cha mbele hakikutoa hata tone. Mlango wa kushoto ulivuja kwenye pembe ya juu, pale nilipouvuta ukanda kwa kukosa subira jioni ya mwisho. Nikaubandua, nikanunua mwingine, nikaubandika upya. Masika ya mwaka huu yamekwisha kulipita gari lile, na asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa kupita zote nilikiinua kiti cha nyuma nikapitisha kiganja sakafuni, kando ya betri, toka ukuta hata ukuta. Kilirudi kikavu.

Nawaomba basi ninyi mlio na magari ya miaka ile, yawe ya umbo la kobe au ya umbo jingine, yawe yanatembea au yameegeshwa yakingoja fedha: msingoje rangi. Kabla mvua nyingine hazijaanza, kiinueni kiti cha nyuma, ondoeni zulia, na mtie mkono sakafuni.